Kapita wa Maji na Mchanga Wake

Kapita wa maji hakuweza kusema "ndiyo" bila kusafisha koo kwanza. Ukimwamkia njiani alisimama, akachomeka fimbo yake ardhini, akakohoa kama mtu aliyetumwa na serikali, halafu akajibu, "Eeh." Basi. Wewe umesimama juani na mtungi kichwani ukingoja neno, unapewa "eeh" na kifua kilichotunishwa. Nilikuwa mtoto wa kike, na mtoto hana ruhusa ya kumdharau mtu mzima, lakini mimi nilianza mapema, na uzee umenifundisha kumdharau vizuri zaidi.

Kambi yetu ilikuwa ng'ambo ya kushoto ya mto, mbele sana ya kitongoji cha Lubunga. Unafuata reli mpaka uchoke, kisha unaingia msituni kwa miguu hadi kwenye mashamba ya kahawa. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Mjini Kisangani, upande wa pili, Wazungu walifungua bomba ndani ya nyumba zao. Sisi tulikuwa na kijito chenye maji ya rangi ya chai, na juu yake kidogo ndipo kahawa ilipooshwa, kwa hiyo hata hiyo chai haikuwa safi. Kila kazi ya shamba ilikuwa na kapita wake, yaani msimamizi mweusi aliye chini ya Mzungu: kapita wa kupogoa, kapita wa kukausha, kapita wa barabara. Huyu alipewa maji. Wenzake walisimamia watu na yeye alisimamia mapipa, lakini kwa madaha aliwashinda wote.

Nitasema kweli, kwa sababu dharau yangu haihitaji kuongezewa uongo: maji yake yalikuwa mazuri. Alikuwa na chujio, mwenyewe aliliita filtre: mapipa matatu yaliyopangwa juu ya magogo kama ngazi. La juu lilipokea maji ya kijito, yakatulia humo mpaka tope likae chini. La kati lilikuwa na kokoto chini, mkaa uliopondwa juu yake, halafu mchanga mwingi, na juu kabisa maji yaliyoachwa yafunike mchanga daima. Kutoka hapo maji yalichuruzika kwa kijimwanzi hadi pipa la tatu, lenye mfuniko. Yalitoka polepole mno, kiasi cha uzi, lakini yalitoka meupe, hayana harufu, na tumbo halikulalamika.

Siri yote ilikuwa kwenye ngozi. Mchanga ukikaa chini ya maji wiki baada ya wiki, juu yake huota utando wa kijani, unaoteleza, wa kuchukiza ukiutazama. Kapita aliuita ngozi ya mchanga. Alitufundisha kwamba utando huo ndio unaokula uchafu, na mchanga mpya usio na ngozi hauna kazi, ni kama mlinzi ambaye hajapewa bunduki. "Mayi inapita tu, inasalimia muchanga, inakwenda," alisema. Pipa likianza upya, maji yake yamwagwe au yachemshwe mpaka ngozi iote tena. Mtoto aliyetia kidole mle alichapwa. Mimi nilichapwa, na nakiri kwamba nilistahili.

Alijua na mengine. Juu ya ghala la kahawa kulikuwa na bati, na mvua ikinyesha alituzuia tusitege vyombo mara moja. "Mvua ya kwanza ni ya miguu ya ndege," alisema, yaani ile inayoosha kinyesi kwenye bati. Ya pili ndiyo ya watu. Neno hilo nalitumia hadi leo na wajukuu wangu, na kila nikilitumia nakasirika, maana sipendi kuwa na deni la hekima kwa mtu wa namna ile.

Siku moja tulikwenda msituni kutafuta viwavi, wanawake na watoto, na yeye akatusindikiza kwa sababu Bwana, Mzungu wa shamba, alisema wanawake wasiende peke yao. Kiu ikatushika mbali na kijito chochote. Kapita akaangalia juu, akachagua kamba nene ya msituni iliyoning'inia, akaikata juu kwanza, mbali kadiri mkono ulivyofika, ndipo akaikata chini. "Ukianza chini, mayi inakimbia juu," alieleza, na ni kweli. Maji yakaanza kutiririka kutoka kwenye ile kamba kama kutoka kwenye birika. Akaweka mdomo. Akanywa. Sisi tumesimama ndimi zimekauka, watoto wanalia, yeye bado anakunywa.

"Kapita, na sisi?" mama yangu akauliza.

"Mukubwa anakunywa kwanza," alisema akifuta ndevu. "Kusudi aone kama iko na sumu."

Akarudisha mdomo, akaendelea kuitafuta sumu mpaka kamba ikakauka. Halafu akatuonyesha kamba nyingine, akatupa panga, akakaa chini kupumzika.

Ndivyo alivyokuwa katika kila kitu. Kwenye mapipa alikuwa na foleni yake mwenyewe. Kwanza mke wa karani, kisha wake wa makapita, kisha wake wa wale waliompelekea lituma, yaani ndizi za kupondwa, yenye makayabu, samaki wa chumvi, na mwisho wote waliobaki. Mama alimpelekea pondu, yaani kisamvu, isiyo na samaki, kwa sababu hatukuwa na samaki, na tangu siku hiyo nafasi yetu ikawa nyuma kabisa, pamoja na wajane. Yeye mwenyewe maji hakuyapenda sana. Alikunywa masanga, tembo la mchikichi, na akilewa aliwahutubia watu juu ya usafi.

Lakini nimemwona pia akiinama juu ya pipa la kati, asubuhi, kabla ya foleni, akimwaga maji kwa kopo lililotobolewa ili yasichimbe mchanga. Alimwaga taratibu, akinong'ona. Uso wake wakati huo ulikuwa uso wa mama aliyejifungua jana. Alifunika mapipa kwa majani ya migomba ili mbu wasitage. Aliokota jani moja lililodondoka kama mtu anayeondoa uchafu kwenye jicho la mtoto. Kama angewatendea watu nusu ya alivyoutendea mchanga, leo ningekuwa namsifu. Mchanga haukuwa na njaa, haukulia, wala haukumjibu, nadhani ndiyo maana waliendana.

Kabla yake wanawake wa kambi walikuwa na namna yao. Kila mmoja alichimba kishimo chake kwenye mchanga wa ukingo, hatua chache kutoka kijitoni, akatia ndani kikapu kisicho na kitako ili kuta zisianguke. Maji yalipenya mchangani yenyewe. Ukiyakomba ya kwanza ukayatupa, ukasubiri, yalirudi yakiwa yametakata. Kishimo kilikuwa cha mwenyewe, mwanamke alikifunika kwa jani na jiwe, na mwenzake hakukigusa bila kuomba. Kapita alivifukia vyote. Alisema Bwana hapendi mashimo, lakini Bwana hakuwahi kushuka kijitoni hata mara moja. Ukweli ni kwamba mwanamke mwenye kishimo hasimami kwenye foleni ya kapita. Vikafukiwa, na kambi nzima ikanywa kutoka mkononi mwake.

Ndipo ikaja habari kwamba daktari wa serikali atapita kukagua makambi.

Kapita aliacha kulala. Aliosha kofia. Akatafuta kamba za viatu, akakosa, akapaka viatu mafuta ya mawese mpaka nzi wakamfuata. Na asubuhi ya siku ya kuamkia ugeni, akawaita wanawake na vikapu vyao, akawaambia wautoe mchanga wote kwenye pipa la kati, waupeleke kijitoni, wauoshe mpaka uwe mweupe. Nilikuwa nimemshika mama nguo. Mama Zaina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyetangulia kuchota. Nikaona ile ngozi ya kijani ikipasuka na kuanguka kwenye kikapu vipande vipande.

Mama alisimama na kikapu chake kitupu.

"Kapita, hii ngozi ulituambia hapana kugusa. Leo tunaiosha?"

"Munganga wa serikali anakuya. Akiona kijani, atasema iko uchafu. Anapenda muchanga mweupe."

"Bon. Na mayi ya kesho, tuichemshe?"

Kapita akakohoa. "Mayi yangu hapana kuchemshwa, mama. Mukichemsha, Bwana atauliza filtre iko na kazi gani. Unataka nijibu nini?"

Mama akainama kwenye pipa. Akajaza kikapu, akashuka na wenzake. Waliosha mchanga siku nzima, na ulitoka unang'aa kama chumvi.

Daktari akaja, kijana mwenye jasho jingi, akachungulia pipa, akasema kwa Kifaransa kwamba ni safi sana, "très propre", akapanda gari lake. Ziara yote ilichukua muda wa kumenya ndizi. Kapita alilirudia neno lile "propre" kila siku, kwa kila mtu, mpaka watoto wa kambi tukampa mbuzi wa karani jina hilo. Hakuwahi kupata sifa nyingine maishani, maskini, na kwa hiyo moja aliuza kila alichokijua.

Maana alijua. Hapa ndipo sitaki mtu amtetee mtu huyu kwa kusema hakujua. Baada ya ule ugeni, mke wake alichemsha maji nyuma ya nyumba. Niliiona sufuria ikitoa mvuke, na haikuwa na mboga ndani wala muhogo, ilikuwa na maji matupu, na yalipopoa aliyamimina kwenye chupa za kapita. Sisi wengine tulipanga foleni tukachota maji meupe yaliyopita kwenye mchanga mweupe bila kuulizwa kitu.

Watoto wakaanza kuharisha. Wa kwanza alikuwa Saidi wetu, mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea kwa kushika ukuta. Alikauka mbele yetu. Mama alimpa maji, na kila alipompa maji alikuwa anampa yale yale. Alikufa mchana, papa, yaani baba, akiwa shambani. Watoto wengine waliugua, wengine wakapona, wawili hawakupona.

Bwana akauliza kuna nini kambini. Kapita alipaswa kujibu, na jibu lilikuwa fupi: mchanga. Badala yake akawakusanya wanawake kwenye mapipa. Mama alikuja na kitambaa cha matanga kichwani, mtungi wake ukiwa umejaa miguuni pake, maana hata mfiwa anahitaji maji.

"Ugonjwa ilianza nyumba ya nani?" kapita akauliza.

Akamwelekezea mama fimbo.

"Ilianza kwa huyu. Ninawapa mayi safi, munganga mwenyewe alisema propre, na huyu anachotea mutungi muchafu. Anatia mutungi yake kwa pipa yangu, analeta ugonjwa kwa watoto yenu. Voilà."

Akaiinua ile fimbo akaupiga mtungi. Ulipasuka, maji yakamwagika miguuni kwa mama. Mama hakurudi nyuma. Alimtazama Mama Zaina, na Mama Zaina akatazama pembeni. Papa alikuwa amesimama na wanaume wenzake, kofia mkononi. Alikuwa na kazi ya kupoteza, na hakusema.

Kwa miaka mingi niliwachukia wale wanawake kwa kunyamaza. Baadaye nimeelewa, ingawa kuelewa hakujanipunguzia sana. Vikapu vilivyobeba mchanga vilikuwa vyao. Kama mchanga ulikuwa na hatia, basi mikono yao ilikuwemo, na watoto wao waliougua waliuguzwa na mikono hiyo hiyo. Ilikuwa nafuu kwa wote mtungi mmoja ubebe kosa. Kapita alilijua hilo pia. Nyani haoni kundule, lakini huyu aliliona vizuri, akalivua akamvika mwenzake.

Kwetu, mgeni akifika, kabla hujamuuliza habari unampa maji. Anaweza asile chakula chako, ana haki, lakini maji anayapokea, hata akigusisha midomo tu. Baada ya siku ile, wageni wa nyumba yetu waliacha kuwa na kiu. Mama alileta kikombe, wao wakaweka mkono kifuani, wakasema kwa upole, "Nimeshakunywa, mama." Wametoka juani, midomo imepasuka, wameshakunywa. Mama alirudisha kikombe ndani. Hakuacha kukileta. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mtungi wenyewe, kwamba hakuacha kukileta.

Baada ya muda papa alipata kazi ya reli, tukahamia Lubunga, nikadhani tumeliacha jambo msituni. Lakini mume wa Mama Zaina naye alipata kazi ya reli, na familia nyingine mbili za kambi zikafuata. Lubunga nzima ikajua. Mama alikuwa akichemsha maji hadi sufuria ilie, anasugua mitungi kwa majivu na mchanga mpaka udongo unakwisha, na watu bado wameshakunywa.

Nilikuwa msichana aliyeposwa tayari, miaka ile ya hamsini inaelekea kwisha, wanawake wa Lubunga walipoitwa kwenye uwanja wa dispensari. Bomba lilikuwa upande wa pili wa mto, na ugonjwa wa tumbo ulikuwa upande wetu. Tukaambiwa atakuja moniteur, yaani mwalimu wa afya, kufundisha namna ya kusafisha maji ya kunywa. Mama akasema twende. Mama Zaina alikuwepo, amekaa kwenye mkeka mbele, na wale wengine wa kambi nyuma yake.

Moniteur alikuwa kapita. Shati jeupe, viatu vyenye kamba, kichwa kimeanza mvi. Hakutuona. Mbele yake kulikuwa na pipa, rundo la mchanga, mkaa na kokoto, na akaanza kazi. Alifundisha vizuri, sitaki kumnyima. Alieleza kwa nini mkaa uwe chini ya mchanga, kwa nini maji yasikauke juu yake, kwa nini mwanzi uwe mwembamba. Hata waliokuja kwa uvivu walinyamaza wakasikiliza. Akafika kwenye ngozi.

"Sasa mutasikia," akasema. "Kulikuwa kambi moja mbali, ndani ya pori. Kulikuwa kapita mujinga, mujinga kabisa. Munganga anakuya, donc yeye anaosha muchanga yote kusudi asifiwe. Watoto wakaharisha. Wengine wakakufa. Alors, wamama, ngozi ya muchanga hapana kugusa, hata gouverneur akuye na suruali yake mupya."

Wanawake wakacheka kwa sababu ya suruali. Yeye akatabasamu. Alikuwa ameisimulia mara nyingi, ilionekana. Alijua mahali pa kicheko. Alikuwa amemchukua ndugu yangu akamfanya funzo la mchana, na funzo lilikuwa zuri, na watu walikuwa wanajifunza.

Mama akasimama.

"Wamama wa ile kambi," akasema, "waliambiwa wachemshe?"

"Hapana, mama, hawakuambiwa." Bado alikuwa moniteur anayejibu swali la mwanafunzi.

"Na watu walisema kosa ni ya nani?"

Hapo akamtazama. Nikaona anamjua. Mkono wake ulitafuta kitu cha kushika ukapata ukingo wa pipa.

"Walisema," akaanza, akasita. "Walisema mutungi ya mwanamuke moja ilikuwa muchafu."

"Ilikuwa muchafu?"

Wale wa kambi walikuwa wameacha kujipepea. Angeweza kudanganya. Nilimtazama nikimsubiri adanganye, nilitaka adanganye, ningekuwa na haki ya kumpigia kelele.

"Hapana," akasema. "Ilikuwa safi."

"Na ule kapita, iko wapi sasa?"

"Alisha kufa, mama."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama tunavyofanya kwenye matanga tukipokea habari.

"Mungu amurehemu," akasema. "Lakini mutoto wangu alimutangulia."

Mama Zaina alisogea kwenye mkeka, akakunja kitenge chake, akampisha mama nafasi kando yake, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Mama akaenda akakaa. Na mbele yetu, yule marehemu akachukua kopo, akainama, akaendelea kumwaga maji juu ya mchanga taratibu, kama inavyotakiwa.